Kadi ya Mwalimu Benjamini

Mwalimu Benjamini ana miaka arobaini na sita, na mwaka huu ameanza chuo kikuu. Watu wa huku Shume wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza anasomea nini, halafu huuliza ada anaitoa wapi. Hilo la ada ndilo nitakalolisimulia, maana mimi mwenyewe nilitia mkono wangu, na mpaka leo sijajua niutoe vipi.

Mimi naitwa Modesta. Tunafundisha shule moja, huku penye misonobari, ambako mwezi wa Juni watoto huja darasani wamevaa soksi mikononi kwa baridi. Yeye ni mwalimu wa hesabu wa darasa la sita na la saba. Ni mrefu, ameinama kidogo mabegani, ana koti moja la kahawia ambalo nimelizoea kiasi kwamba akilivua simtambui. Amenizidi miaka minane, kwa hiyo kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba kwa sauti ile ya besi anayoitumia kwenye kwaya ya Jumapili. Basi. Si mtu wa maneno mengi.

Alifaulu kidato cha nne vizuri, akachaguliwa kwenda cha tano. Baba yake, mkulima wa iriki kule Mgwashi, alimwangalia akamwambia ukweli: hela haipo. Chuo cha ualimu kilikuwa na kitanda na chakula, akaenda huko. Hakulalamika. Alisomesha wadogo zake wawili, akaoa, akazaa, akajiendeleza mpaka stashahada akiwa kazini, likizo hadi likizo. Ila nilimwona mara nyingi, wanafunzi wetu wa zamani wakija kutusalimia kutoka vyuoni, jinsi alivyokuwa akiwauliza maswali. Wanakula nini, maktaba inafungwa saa ngapi, mhadhiri anaruhusu kuulizwa? Mtu hawezi kuuliza hivyo kama roho yake haiko huko.

Sasa madeni. Ninayajua kwa sababu ya kwangu yanafanana nayo.

La kwanza ni la benki, la nyumba anayojenga Mgwashi, ambayo imefika kwenye linta, juu ya madirisha, na imekaa hapo miaka minne ikiota majani. Hilo hukatwa kwenye mshahara kabla hajauona, na ataendelea kukatwa miaka mingine mitatu. Akishakatwa hubaki na laki nne na thelathini. La pili ni la Mwalimu Eliza.

Mwalimu Eliza ni mstaafu, anakaa Lushoto mjini, kwenye nyumba safi yenye mipeasi mitatu uani. Alitufundisha sisi wote, mimi darasa la pili na Benjamini darasa la kwanza. Alipopata kiinua mgongo chake, wenzake walinunua bodaboda zikawafia mikononi. Yeye alianza kutukopesha walimu. Masharti yake ni mepesi kuyaeleza. Unampa kadi yako ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia anakwenda mwenyewe kwenye mashine, anachukua riba yake, kinachobaki anakutumia kwa simu siku hiyohiyo. Hajawahi kumdhulumu mtu hata shilingi mia. Kadi zetu anazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, amezifunga kwa mpira, na siku ya mshahara ukimwona mbele yako kwenye foleni ya mashine ya benki, bora ukanywe chai urudi. Anatoa kadi moja, anafungua daftari, anavaa miwani, anabonyeza, anahesabu, anaandika, anatoa ya pili. Watu nyuma yake wanapumua kwa nguvu lakini nani atamwambia kitu? Wote wanaanza na shikamoo.

Mkuu wetu wa shule alishatusomea onyo kwamba kukabidhi kadi ni kosa. Tulimsikiliza kwa adabu. Nusu ya waliokuwa wamekaa pale kadi zao zilikuwa koponi, ya mkuu mwenyewe ikiwemo.

Benjamini alikopa laki nane mama yake alipozidiwa, mwaka jana. Ilikuwa mchana, gari la kumpeleka mgonjwa Moshi limesimama nje ya geti la Mwalimu Eliza injini inaunguruma, mama mzee amelazwa kiti cha nyuma. Nilikuwa nimemsindikiza. Mwalimu Eliza hakuuliza maswali, alihesabu hela haraka kuliko nilivyowahi kumwona, tukasaini daftari tukiwa tumesimama, tukatoka. Mama alifariki baada ya siku tisa. Riba ilikuwa laki mbili na arobaini kwa mwezi, na ile laki nane yenyewe haipungui mpaka uirudishe yote kwa mkupuo. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshalipa miezi kumi na minne. Piga mwenyewe hesabu hiyo. Mimi nilipompigia, aliniomba nisiimalize.

Katika hali hiyo ndipo alipoomba chuo. Hakumwambia mtu. Tulikuja kujua Septemba, jina lake lilipotoka kwenye orodha ya chuo kimoja cha Tanga, shahada ya ualimu wa hisabati, programu ya watu walioko kazini: wiki moja ya mwanzo, halafu Jumamosi mbili kila mwezi, na likizo zote. Tulimpigia makofi pale ofisini. Yeye alikaa akajifunika uso kwa mikono, nikadhani analia. Alikuwa amechoka tu. Alisema amekaa miezi mitatu anasubiri majibu, na alikuwa ameshaanza kuomba Mungu wamkatae.

“Kwa nini ulitaka ukataliwe?” nilimuuliza.

“Ningepumzika, Madam.”

Ili asajiliwe alitakiwa alipe nusu ya ada, laki sita, kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Ikipita, nafasi inachukuliwa na mwingine. Marta, mke wake, analima karoti na viazi. Si mwanamke wa kushangilia ovyo. Alisema chuo ni kizuri ila kimekuja mwaka mbaya, kisha akauza ndama wao. Wakapata laki tatu na themanini. Zilipungua laki mbili na ishirini, na mshahara wa Oktoba ulikuwa unaingia tarehe ishirini na mbili, kwenye kadi iliyomo kwenye kopo la Mwalimu Eliza.

Sasa nifike kwangu. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko la shule saa ya mapumziko tunaota jua, yeye anakunywa uji kwenye kikombe cha bati. Nilimwambia, kwa mdomo wangu huu huu, aende benki aseme kadi imepotea. Wanaifunga ile ya zamani, wanakupa mpya, mshahara wote unaupata wewe. Walimu wa shule nyingine wanafanya hivyo kila siku.

“Ni Mwalimu Eliza,” alisema.

“Kwani unamnyang'anya? Mwezi mmoja tu. Novemba utampelekea kadi mpya, utamwomba radhi. Umeshamlipa mara nne ya alichokupa!”

“Nitamwomba mwezi mmoja.”

“Muombe uone. Atakukunjulia daftari akuonyeshe saini yako. Baada ya hapo atakaa macho, na hata hiyo njia ya benki itakuwa imekufa.”

Nilisema kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kwake. Na mimi nilikuwa na deni koponi, laki tatu za kumpeleka binti yangu kidato cha kwanza, riba elfu tisini kwa mwezi. Kila tarehe ishirini na mbili nilikuwa nasubiri nitumiwe mshahara wangu mwenyewe kama mtoto anayesubiri chenji. Nilitaka mtu mmoja, hata mmoja, amchenge yule mama. Nikamsukuma Benjamini kwa sababu mimi sikuwa na ujasiri.

Siku tatu alifundisha kama kawaida. Siku ya nne aliomba ruhusa, akaenda Lushoto. Benki walitaka ripoti ya polisi ya upotevu. Polisi aliyekuwa zamu mtoto wake yuko darasa la sita kwetu. Akamwita mwalimu, akamvutia kiti, akamuuliza kadi imepotelea wapi. Benjamini aliniambia alikaa anasoma matangazo ya ukutani mpaka yule askari akaacha kuandika, akamtazama. Mwishowe akasema, “Nyumbani.” Askari akagonga muhuri. Jioni hiyo alirudi na kadi mpya kwenye bahasha, na mazoezi ya kwaya hakwenda.

Mshahara uliingia Jumatano. Alitoa hela kwa wakala wa Lukozi, akalipa ada kwa simu palepale, akanionyesha ujumbe wa chuo: malipo yamepokelewa. Nilifurahi kama mimi ndiye mwanachuo. Jumamosi alikuwa anateremka kwenda Tanga kwa ile wiki ya mwanzo.

Jumatano hiyohiyo, saa kumi jioni, simu yangu ikalia. Ujumbe wa benki: elfu tisini zimetolewa. Nilijua, ni za kila mwezi. Kabla sijairudisha simu mfukoni ikalia tena: laki mbili na arobaini zimetolewa. Nikasimama katikati ya barabara. Dakika chache baadaye Mwalimu Eliza akanitumia salio langu, elfu sitini na tano, mshahara wa mwezi mzima.

Ijumaa nilifunga darasa mapema nikaomba lifti kwenye Fuso la karoti mpaka Lushoto. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nilimkuta barazani kwake anamenya mapeasi, amejifunga khanga mbili. Mkono wake wa kushoto unatetemeka siku hizi. Nikasema shikamoo, maana mdomo wenyewe hauendi pengine.

“Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja. Kaa.”

“Mwalimu, umenikosea hesabu.”

“Sijakukosea.” Alifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na daftari. Akafungua ukurasa wa Benjamini, akaweka kidole chini kabisa. Mdhamini: Modesta. Saini: yangu. Nilisaini siku ile ya gari la mgonjwa, nimesimama, bila kusoma. Wote tunajua kwamba Mwalimu Eliza hamkopeshi mtu asiye na mdhamini, na kwamba mdhamini lazima kadi yake iwe kwenye kopo hilohilo. Tunajua halafu tunasahau, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa mdhamini hata mmoja. Hakuna aliyewahi kumkimbia.

“Mashine ilimeza kadi,” alisema. “Mbele za watu. Nilidhani nimekosea namba, nikagonga gonga pale kama mwizi. Kijana wa benki akaja akaniuliza, bibi, kadi hii ni yako?”

Niliitazama tena saini yangu.

“Benjamini nimemfundisha kushika kalamu. Angekuja akaniambia, Mwalimu, niachie mwezi mmoja nilipe chuo, ningemwachia.”

Sijui kama kweli angemwachia. Kila mdai akishachengwa husema hivyo. Lakini nilimtazama usoni sikuona uongo.

“Nani kamfundisha mambo haya?” aliniuliza. “Maana yeye hana akili ya namna hiyo.”

Nilipaswa kusema. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, jua linazama nyuma ya mipeasi yake, na sentensi yenyewe ni fupi. Nikasema sijui. Akanifungia mapeasi sita kwenye mfuko nikawapelekee watoto, na mimi nikayapokea nikasema ahsante.

Wiki ile tulikula viazi. Viazi asubuhi, viazi mchana, usiku viazi na mboga ya maboga. Binti yangu alirudishwa kutoka shule kwa kukosa elfu ishirini ya mchango, akakaa nyumbani siku mbili mpaka nilipokopa kwa shemeji yangu. Kila nilipomkumbuka Benjamini yuko Tanga kwenye viti vya chuo nilimwonea wivu, halafu hasira, halafu nilikumbuka maneno yalitoka kwa nani. Niliamua sitamwambia. Nilijiona mtu mwema kwa uamuzi huo, na kusema kweli ulikuwa woga tu.

Alikuja kwangu Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Alikuwa amekonda kwa wiki moja. Tukakaa sebuleni, mume wangu akamkaribisha chai akatuacha. Nikamuuliza habari za chuo, naye kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaongea bila kuulizwa mara mbili.

Siku ya kwanza mlinzi wa getini alimzuia. Akamwambia, mzee, wazazi wanasubiri upande ule, chini ya hema. Akaenda akakaa na wazazi. Alikaa saa nzima, akapewa na maji ya chupa, mpaka mama mmoja alipomuuliza kijana wake anasoma kozi gani. Ndipo akainuka. Darasani vijana walimwamkia shikamoo mmoja mmoja, kiti hadi kiti, mpaka kipindi kikachelewa kuanza. Mhadhiri naye, kijana wa miaka thelathini na kidogo, akaingia, akamwona, akainama kidogo akasema shikamoo, kisha akageuka kuanza kuandika ubaoni.

“Ukaitikia?” niliuliza, machozi ya kicheko yananitoka.

“Ningefanyaje? Niliitikia marahaba. Kisha nikafungua daftari nikaandika anachoniambia.” Akatabasamu kidogo. “Madam, nilielewa. Nilidhani kichwa kimeshafunga. Vijana waliniomba niwafafanulie.”

Wakati anasema hivyo alikuwa amependeza, sijui niseme vipi. Uchovu wote ulikuwepo palepale, macho mekundu, kola imechakaa, lakini katikati yake kulikuwa na kijana wa kidato cha nne aliyeambiwa hela haipo. Nikajisemea, basi, acha laki mbili na arobaini ziende.

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha ya benki, akaiweka mezani.

“Mwalimu Eliza alinipigia simu Jumatano,” alisema. “Hakunitukana. Alisema tu, Modesta kakulipia.”

“Kaka Benja...”

“Ungeniambia.”

“Ungefanya nini? Hela umeshalipa chuo.”

Alikuwa ameshafikiri yote. Alikuwa na siku nne za kufikiri, na hesabu ndiyo kazi yake. Kadi mpya nimpelekee Mwalimu Eliza mimi, maana yeye hawezi kumtazama bado, ataandika barua kwanza. Mshahara wa Novemba Mwalimu Eliza achukue riba yake kama kawaida, na kile kinachobaki, laki na tisini, asimtumie yeye, anitumie mimi. Elfu hamsini zitakazopungua zitoke Desemba.

“Na nyie mtakula nini Novemba?”

“Marta ana karoti.”

Nilipita kwenye shamba la Marta juzi yake. Karoti zile zilikuwa na majani ya urefu wa kidole. Huwezi kung'oa karoti hizo kabla ya mwaka mpya, na yeye anajua, na alijua kwamba mimi najua.

“Ni mimi niliyekushauri,” nilisema. “Hela zile nilijitakia.”

“Ulinishauri,” alisema, “lakini polisi nilikwenda mwenyewe.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesahihisha daftari la mtoto anayempenda, akaongeza kwamba awamu ya pili ya ada ni Machi, na Machi bado iko mbali. Kisha akanywa chai iliyobaki, akanyanyuka, akaniomba Jumatatu nimshikie kipindi chake cha kwanza cha darasa la saba, kwa sababu ana zoezi la kuandika na nyumbani hakuna mahali pa kukaa.

Nilipaswa kuikataa bahasha. Nimeshalifikiria jambo hilo mara nyingi, na kila nikifikiria naikataa vizuri sana, kwa maneno mazuri. Lakini siku ile binti yangu alikuwa chumba cha pili anajisomea daftari la mwenzake la zile siku mbili alizokosa, na namsikia akirudia rudia sentensi moja. Nilimsindikiza Benjamini mpaka njiani. Niliporudi ndani niliichukua kadi, nikaitia kwenye pochi yangu, na Jumanne nikaipeleka Lushoto.